Siku Moja ya Roki: Tarehe Tano Zinazogombea Kipindi Chako

Kipindi cha "siku kama ya leo" kuhusu muziki wa roki huharibika mapema, pale mwandaaji anapokusanya matukio 15 ya tarehe moja na kuyasoma mfululizo: fulani kazaliwa, fulani kafariki, albamu fulani imetoka. Msikilizaji anasikia majina kama ya daftari la mahudhurio, na kipindi kikiisha hakumbuki hata moja. Tarehe inayofaa ni ile yenye tukio moja zito la kubeba kipindi kizima, na mawili matatu madogo ya kulisindikiza.

Tumeweka tano mezani. 30 Januari ni siku The Beatles walipopiga muziki juu ya paa mjini London, 1969. 3 Februari ni ajali ya ndege iliyomuua mwimbaji wa Marekani Buddy Holly, 1959. 5 Julai ni Elvis Presley kwenye studio ndogo ya Memphis, 1954. 13 Julai ni Live Aid, tamasha la kuchangia wenye njaa Ethiopia, 1985. 5 Septemba ni kuzaliwa kwa Freddie Mercury, mwimbaji wa Queen, Zanzibar, 1946. Kwa umaarufu hazipishani sana. Zinapishana katika mambo ambayo mtangazaji huyagundua akiwa amechelewa: uhakika wa tarehe, sauti iliyobaki, tofauti ya saa, na namna tukio linavyomgusa mtu wa huku kwetu.

Tarehe yenyewe ina uhakika?

30 Januari na 13 Julai hazina mjadala. Ya kwanza ilipigwa filamu, ya pili ilirushwa moja kwa moja duniani. Mtego wa Julai uko jirani: onyesho la kwanza la Rolling Stones kwenye klabu ya Marquee, London, lilikuwa 12 Julai 1962. Ukilisogeza siku moja ili lijaze kipindi chako cha tarehe 13, mashabiki wa Stones watakupigia simu.

3 Februari ina kosa linalorudiwa kila mwaka. Holly, Ritchie Valens na J. P. Richardson, aliyejulikana kama The Big Bopper, walitumbuiza ukumbi wa Surf Ballroom, mji wa Clear Lake, Iowa, jioni ya tarehe 2. Ndege ilipaa kutoka uwanja wa Mason City baada ya usiku wa manane, yapata dakika 55 ndani ya tarehe 3. Kwa hiyo onyesho ni la tarehe 2 na vifo ni vya tarehe 3. Ukisema "walitoka jukwaani siku hiyo hiyo wakafa" umechanganya.

5 Julai inahitaji uangalifu zaidi. Kikao cha kurekodi kina tarehe, na santuri ilitoka 19 Julai 1954. Lakini usiku ambao mtangazaji Dewey Phillips aliupiga wimbo huo kwa mara ya kwanza kwenye kituo cha redio cha WHBQ hutajwa kwa tarehe tofauti, kuanzia 7 hadi 10 Julai. Sema "siku chache baadaye" na uendelee. Pia acha kabisa ile sentensi ya "siku roki ilipozaliwa". Bill Haley alikuwa amesharekodi "Rock Around the Clock" New York tarehe 12 Aprili mwaka huo huo, na studio hiyo hiyo ya Memphis ilikuwa imerekodi "Rocket 88" tangu 1951. Elvis hakuanza kitu kutoka hewani. Alikuta moto umeshawashwa.

5 Septemba haina shaka: Mercury alizaliwa kwa jina la Farrokh Bulsara, mtoto wa Bomi na Jer, Mji Mkongwe, 1946. Shaka iko kwenye nyumba. Zaidi ya jengo moja limewahi kuonyeshwa kwa wageni kama nyumba ya familia, kwa hiyo taja mtaa wa Shangani na usimnyooshee msikilizaji mlango.

Kuna nini cha kusikiliza?

Hapa ndipo tarehe hizi zinapoachana kabisa, na hiki ndicho kipimo tunachokipa uzito kuliko vingine. Historia ya muziki inayosimuliwa bila muziki wa siku yenyewe inabaki masimulizi tu.

30 Januari inashinda kwa mbali. Tamasha la paani, jengo nambari 3 Savile Row, lilichukua dakika 42 hivi, kiasi ambacho kinaingia ndani ya kipindi cha saa moja kama mkono ndani ya glavu. Nyimbo zilikuwa tano zilizorudiwarudiwa: "Get Back", "Don't Let Me Down", "I've Got a Feeling", "One After 909" na "Dig a Pony". Billy Preston alikuwa kwenye kinanda cha umeme. Kulikuwa na baridi na upepo. Lennon alivaa koti la manyoya la Yoko Ono, Ringo koti jekundu la mvua la mkewe, na vipaza sauti vilivishwa soksi nyororo za kike ili upepo usivume ndani yake. Waya zilishuka hadi ghorofa ya chini ya ardhi, ambako mashine za tepu za njia nane zilikuwa zikirekodi. Ndiyo maana sauti ni safi kiasi cha kutosikika kama imetoka nje, juu ya paa. Polisi walipanda kwa sababu ya malalamiko ya kelele, na bendi ikaendelea kidogo kabla ya kuacha.

Sasa jihadhari na santuri utakayoichukua. Albamu ya *Let It Be* ina nyimbo tatu tu kutoka paani: "Dig a Pony", "I've Got a Feeling" na "One After 909". "Get Back" ya kwenye albamu hiyo ilirekodiwa studio tarehe 27 Januari, kisha maneno ya Lennon ya kuaga yakachukuliwa kutoka paani na kuunganishwa mwishoni. Ndiyo maana wengi hudanganyika. "Don't Let Me Down" ya upande wa pili wa santuri ndogo nayo ni ya studio, tarehe 28. Ukipiga hizo mbili ukatangaza kwamba ni za paani, umekosea hewani. Mwaka 2022 sauti ya tamasha la paani ilitolewa kwenye majukwaa ya kusikilizia muziki, na hiyo ndiyo ya kutumia.

13 Julai ina sauti nyingi kupita kiasi. Ni saa 16 kutoka Wembley, London, na uwanja wa John F. Kennedy, Philadelphia. Lazima ukate, na ukikata ovyo unapoteza maana. Queen walitumia dakika 21 na nyimbo sita, baadhi zikiwa zimefupishwa, baada ya kufanya mazoezi kwenye ukumbi wa Shaw Theatre kwa ajili ya dakika hizo tu. Sikiliza mpangilio. "Bohemian Rhapsody" inaanza kwenye piano na kukatwa kabla ya sehemu yake ya opera, ambayo jukwaani isingewezekana, halafu "Radio Ga Ga" inaingia na watu 72,000 wanapiga makofi kwa pamoja. Kati ya nyimbo Mercury anatupa sauti na uwanja unaitikia, anaipandisha, unaitikia tena. Msikilizaji aliyezoea ngoma zetu za kuitikiana ataelewa kinachotokea bila tafsiri yoyote.

U2 walifanya kinyume chake. Bono, mwimbaji wao, alishuka kuwafuata mashabiki, "Bad" ikanyooka hadi dakika 12 hivi, na bendi ikakosa muda wa kupiga wimbo wao wa tatu. Bendi moja ilipima kila dakika, nyingine iliacha muda umponyoke, na zote mbili zilitoka pale zikiwa kubwa kuliko zilivyoingia. Weka hizo mbili kando kwa kando na tayari una nusu saa nzuri. Yako pia mapungufu yanayosimulika: kipaza sauti cha Paul McCartney kilinyamaza kwenye sehemu ya mwanzo ya "Let It Be", na matangazo ya The Who yalikatika katikati ya "My Generation". Ila usiahidi Led Zeppelin. Walipiga Philadelphia, hawakuridhika na walichokifanya, na hawakuruhusu kiingizwe kwenye DVD rasmi ya 2004.

5 Julai ina wimbo mmoja usiofika dakika mbili. "That's All Right" ina gita la Scotty Moore, besi ya mbao ya Bill Black, na Elvis wa miaka 19 akiimba huku akikwangua gita lake. Hakuna ngoma. Mdundo wote unatoka kwenye kiganja cha Black kikigonga nyuzi dhidi ya ubao, pamoja na ule mwangwi mfupi wa tepu ambao Sam Phillips, mwenye studio, aliupenda. Jioni hiyo walikuwa wamehangaika na nyimbo za polepole bila mafanikio. Wakati wa mapumziko Elvis akaanza kuuchezea wimbo huu, wenzake wakamfuata, na Phillips akawaambia waanze upya ili arekodi. Kwa wimbo mmoja hujazi saa. Unaweza kuujenga kwa kulinganisha: piga kwanza "That's All Right" ya Arthur Crudup, mwimbaji wa bluzi kutoka Mississippi aliyeutunga na kuurekodi 1946, halafu ya Elvis, halafu "Blue Moon of Kentucky" ya Bill Monroe na ile ya Elvis iliyowekwa upande wa pili. Msikilizaji atasikia bluzi na kantri zikikutana kwenye santuri moja. Na mtendee haki Crudup kwa kusema alichokosa. Aligombania mirabaha ya nyimbo zake miaka mingi, akafariki 1974 bila kulipwa alichostahili.

3 Februari haina sauti ya siku yenyewe. Unachobaki nacho ni santuri walizoacha: "That'll Be the Day", "Peggy Sue", "Chantilly Lace", "La Bamba". Hii ya mwisho ni wimbo wa kienyeji wa Veracruz, Meksiko, ambao Valens aliuimba kwa Kihispania akiwa bado na miaka 17, na ndio rahisi kuliko yote kumteka msikilizaji wa Kiswahili.

5 Septemba, kwa kipimo hiki, iko mkiani. Siku ya kuzaliwa haina muziki. Utapiga nyimbo za tarehe nyingine zote.

Saa

Matukio haya, ukiacha kuzaliwa kwa Mercury, yalikuwa mbali, na waandaaji hupenda kuyarusha "kwa saa ileile". Ni wazo zuri likihesabiwa vizuri.

Kwa paani, wengi huchukua London ya Januari na kuongeza saa tatu. Wanakosea kwa saa nzima. Kati ya Oktoba 1968 na Oktoba 1971 Uingereza ilibaki kwenye saa za majira ya joto mwaka mzima, kwa hiyo tofauti na Afrika Mashariki ilikuwa saa mbili hata Januari. Saa sita na nusu mchana ya London, muda ambao bendi ilianza, ni saa nane na nusu mchana kwetu. Ilikuwa Alhamisi.

Ndege ya Iowa ilipaa yapata saa nne kasoro dakika tano asubuhi kwa saa zetu za leo, na mabaki yake hayakuonekana hadi asubuhi ya huko, kwetu ikiwa saa kumi na mbili na nusu jioni na dakika chache. Kipindi kinaweza kukaa katikati ya saa hizo mbili, wakati watu walikuwa wamekwisha kufa na dunia haijajua. Elvis ni wa usiku wa Memphis, na usiku huo kwetu tayari ni asubuhi ya 6 Julai, kwa hiyo rusha tarehe 5 ukitaja "kwa tarehe ya Memphis". Live Aid ilianza saa nane mchana na Philadelphia ikazima taa saa kumi na mbili asubuhi ya siku ya pili.

Uzito wa 3 Februari

Ukiichagua tarehe hii, sababu ya ajali lazima uieleze, na uieleze kwa usahihi, kwa kuwa uvumi ni mwingi. Ziara yenyewe ilipangwa vibaya: miji 24 kwa siku 24 katikati ya baridi kali, kwa mabasi yenye joto bovu kiasi kwamba mpiga ngoma Carl Bunch alilazwa hospitali kwa kuumwa na baridi miguuni. Holly alikodi ndege ndogo aina ya Beechcraft Bonanza ili wafike mapema, wafue nguo na walale. Nauli ilikuwa dola 36 kwa mtu. Waylon Jennings, mpiga besi wa Holly, alimwachia Richardson nafasi yake kwa kuwa Richardson alikuwa na mafua makali. Tommy Allsup, mpiga gita wake, aliipoteza yake kwa Valens kwa kurusha sarafu.

Rubani, Roger Peterson, alikuwa na miaka 21 na hakuwa na idhini ya kuruka kwa kutegemea vipimo peke yake. Usiku ule mawingu yalikuwa chini na theluji nyepesi ikianguka, na taarifa ya hali ya hewa aliyopewa haikuwa kamili. Kipimo cha mwelekeo ndani ya ndege ile kilionyesha kupanda na kushuka kinyume na kile alichofundishiwa. Mtu aliye gizani bila kuona upeo wa dunia, akisoma kipimo cha aina hiyo, anaweza kuamini anapanda huku anashuka. Ndege ilianguka kilomita 10 hivi kutoka uwanjani. Wachunguzi wa Marekani waliona chanzo ni uamuzi wa kuruka katika hali ile. Maneno "siku muziki ulipokufa" hayakuwepo 1959. Yanatoka kwenye wimbo wa Don McLean wa 1971.

Ukiongeza Joe Meek, mtengenezaji wa "Telstar" aliyempenda Holly kupita kiasi, aliyemuua mwenye nyumba wake na kisha kujiua London tarehe hiyo hiyo mwaka 1967, kipindi kinakuwa kizito mno. Tungeacha hilo. Vifo vinne vinatosha kwa usiku mmoja.

Huku kwetu

Jibu la haraka la kila mtu ni 5 Septemba, na tunaelewa kwa nini. Lakini angalia maisha yenyewe. Mercury alipelekwa shule ya bweni Panchgani, India, akiwa na miaka minane, akarudi Zanzibar 1963, na mwaka uliofuata familia ikahamia Uingereza baada ya Mapinduzi. Bendi yake ya kwanza ilikuwa ya shuleni India, umaarufu ulikuwa London. Kipindi cha tarehe hii kinaishia kuwa wasifu, na waandaaji hulazimisha viungo, kama kudai kwamba "Bismillah" ya "Bohemian Rhapsody" ni kumbukumbu ya Zanzibar. Mercury alikataa kueleza maana ya wimbo ule, basi na wewe usimsemee. Kama unaandaa jioni Unguja, kumbuka pia kwamba sherehe ya miaka 60 ya kuzaliwa kwake iliyopangwa 2006 ilifutwa baada ya pingamizi la kidini. Zungumza na wenyeji kabla ya kuchapa mabango. Tangu 2019 kuna jumba la makumbusho lenye jina lake Shangani, na hapo ni mahali salama pa kuanzia.

Kiungo chenye nguvu zaidi kiko 13 Julai, na wachache hukitaja. Njaa ya Ethiopia iliingia sebuleni mwa Waingereza tarehe 23 Oktoba 1984 kupitia taarifa ya Michael Buerk wa BBC, na mpigapicha wa taarifa ile alikuwa Mohamed Amin, mtoto wa Nairobi aliyekulia pia Tanganyika na kuanzisha Camerapix Dar es Salaam mwaka 1963. Mwimbaji wa Ireland Bob Geldof aliona picha zile. Mwezi mmoja baadaye, 25 Novemba, yeye na Midge Ure walikuwa studio na wanamuziki wengine wakirekodi wimbo wa kundi la hisani la Band Aid, na kutoka hapo ikaja Live Aid. Bila kamera ya Amin hakuna Wembley. Halafu juu ya jukwaa lile anasimama mtu aliyezaliwa Mji Mkongwe, tarehe ileile ambayo albamu ya kwanza ya Queen ilikuwa imetoka Uingereza mwaka 1973. Uchungu wake nao usemwe: tamasha lilikuwa kwa ajili ya Afrika, na wasanii kutoka Afrika karibu hawakuwepo. Sade, mzaliwa wa Ibadan, alipiga Wembley, na zaidi yake ni vigumu kuendelea kuhesabu.

Uichukue ipi?

Una saa moja na unataka muziki usikike wote: 30 Januari. Tumia dakika 10 za mwanzo kueleza paa, soksi na baridi, ingiza "Blue Suede Shoes" ambayo Elvis aliirekodi tarehe hiyo hiyo 1956, kisha zima kipaza sauti chako uache bendi ipige. Kiss nao walipanda jukwaani mara ya kwanza Queens, New York, 30 Januari 1973. Sekunde 20 zinawatosha.

Una nusu saa tu: 5 Julai, kwa ile jozi ya Crudup na Elvis. Una msikilizaji mtulivu wa usiku: 3 Februari. 5 Septemba iachie maonyesho ya picha, shule na makumbusho. Jioni ya kuonyesha video ukumbini inahitaji ruhusa yake. Leseni ya redio ya kupiga nyimbo haikuruhusu kuonyesha filamu.

Una saa tatu na unatangaza Dar, Mombasa au Nairobi: 13 Julai, bila kusita. Anza saa moja na nusu usiku na habari za Mohamed Amin, ingiza wimbo wa Band Aid, halafu U2. Queen walipanda Wembley saa mbili na dakika 41 usiku kwa saa zetu, na ukiwarusha kwa saa hiyo kamili watamaliza saa tatu na dakika mbili. Kituo kinachosoma habari saa tatu kitakata "We Are the Champions" katikati. Panga na chumba cha habari mapema wasogeze taarifa kwa dakika tano, au anzisha Queen saa mbili na nusu.